Kibali Mfukoni, Bunduki Nyumbani: Ushauri kwa Wanaopita Bariyeri ya Kinsevere

Ukimiliki bunduki kihalali katika Haut-Katanga, siku moja utasimama mbele ya lango lisilotaka bunduki. Kwa wengi huku kwetu lango hilo ni bariyeri ya mgodi wa Kinsevere, kilomita kama 30 kaskazini mwa Lubumbashi. Kwa wengine ni mlango wa chuo, wa benki au wa hospitali. Popote lilipo, swali linalotoka kinywani ni lile lile: "Niko na karatasi ya Leta. Hawa ni nani wa kunizuia?"

Jibu ni fupi na halifurahishi. Kibali kinakuondolea adhabu ya Leta kwa kuwa na silaha. Hakimlazimishi mwenye eneo kukupokea nayo. Hizo ni ruhusa mbili, zinatolewa na watu wawili, na kupata moja hakukupi nyingine. Anayeelewa hivyo atapanga siku yake kabla ya kuwasha gari. Asiyeelewa atajikuta saa kumi na mbili asubuhi anabishana na mlinzi, basi la wafanyakazi linapiga honi nyuma yake, na kazi yake iko hatarini kwa jambo ambalo si kosa la jinai hata kidogo.

Makala hii ni kwa ajili ya watu wa kawaida wenye silaha halali: mwenye shamba kando ya mji, mwindaji wa Jumapili, mfanyabiashara anayelala na fedha nyumbani, polisi anayesoma chuoni baada ya zamu. Anayebeba silaha kwa siri hahitaji ushauri wa magazeti. Anahitaji wakili.

Anza kwa kusoma karatasi yako

Sheria inayotawala silaha za raia nchini Kongo ni ordonnance-loi namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, ya enzi za Mobutu. Msingi wake ni kwamba raia hana silaha ila kwa idhini, na idhini hiyo ni ya mtu mmoja kwa silaha moja. Usimkopeshe shemeji. Usimwachie dereva. Baba akifariki, mtoto harithi kibali pamoja na bunduki. Lazima aende kuanza njia yake mwenyewe.

Chukua kibali chako leo, keti mezani, kisome neno kwa neno. Kinasema unaruhusiwa kuwa nayo nyumbani, au kinakuruhusu pia kutembea nayo? Wengi wana ruhusa ya kwanza na wanaishi kana kwamba wana ya pili. Kalibre iliyoandikwa ndiyo hiyo uliyo nayo? Tarehe ya mwisho imepita? Kisha linganisha namba ya silaha, tarakimu kwa tarakimu, na ile iliyochongwa kwenye chuma. Fanya hivyo mchana, kwenye mwanga. Karani aliyeandika kwa mkono anaweza kuwa ameandika 7 mahali pa 1, na muhuri wa zambarau ukaja kukaa juu yake. Nyumbani kosa hilo halimsumbui mtu. Mbele ya polisi barabarani linageuka kuwa bunduki isiyo na kibali na kibali kisicho na bunduki. Rudi ofisini kusahihisha ukiwa huna haraka.

Mambo mawili zaidi. Bunduki zinazotengenezwa vijijini, zile za kujaza baruti kwa mdomo, hazipati uhalali kwa sababu babu alikuwa nayo na chifu anajua. Na silaha ya vita, AK na jamaa zake, haina nafasi mikononi mwa raia hata kama aliipata kwa njia anayodhani ni safi. Raia anayekamatwa nayo anaweza kujikuta mbele ya oditora wa jeshi badala ya parke ya kawaida, na huko mazungumzo ni mengine.

Kwa nini mgodi unakataa

Watu hudhani mgodi unakataa bunduki kwa sababu wazungu au Wachina wanaogopa Waafrika wenye silaha. Sababu ziko karibu zaidi, na ukizijua hutakasirika bure.

Ya kwanza ni moto. Kinsevere ni shimo la wazi, na mwamba wake unavunjwa kwa baruti. Kisha shaba hutolewa kwenye udongo kwa asidi, ikasafishwa kwa kimiminika cha jamii ya mafuta ya taa, na mwishoni umeme unaigandisha kuwa mabamba. Hatua hiyo ya katikati ina matangi makubwa ya kimiminika kinachoshika moto. Mgodi wa Olympic Dam kule Australia, wenye mtambo wa aina hiyo, uliungua mara mbili, mwaka 1999 na mwaka 2001, na hakuna aliyepiga risasi. Mahali ambapo hata simu na kiberiti vina sehemu zake, risasi iliyotoka kwa bahati mbaya haihitaji kumpata mtu ili iue.

Ya pili ni hesabu. Kwa kanuni za Kongo, walinzi wa kampuni binafsi hawabebi bunduki. Ndiyo maana pembeni ya mlinzi mwenye redio na fimbo utamwona polisi wa migodi mwenye AK. Silaha zote halali ndani ya uzio ni za Leta, na kila moja ina mtu anayejulikana. Ikisikika risasi usiku, wakati watu wameingia kutafuta mawe au kukata kebo, swali la kwanza la uchunguzi ni: nani alikuwa na silaha? Bunduki yako iliyolala chini ya kiti inaharibu jibu la swali hilo, hata kama wewe ulikuwa kwenye kantini unakula bukari.

Ya tatu ni historia, na hii ni ya hapa hapa. Kabla kampuni ya MMG haijainunua Kinsevere mwaka 2012, mgodi ulikuwa wa Anvil Mining. Kampuni hiyo ilikuwa pia na mgodi wa Dikulushi, karibu na Kilwa, kando ya ziwa Mweru. Oktoba 2004 kikundi kidogo cha waasi kiliingia Kilwa. Jeshi lilipokuja kuurudisha mji liliua raia zaidi ya 70, na magari ya kampuni pamoja na ndege iliyokodiwa nayo yalitumika katika operesheni hiyo. Kampuni ilisema jeshi liliyachukua kwa amri. Wanajeshi na wafanyakazi watatu wa zamani wa Anvil walifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi Lubumbashi, na Juni 2007 wakaachiwa kuhusu mauaji ya Kilwa. Haikuishia hapo. Kamisheni ya Afrika ya Haki za Binadamu ilikuja kuitia hatiani serikali ya Kongo, na uamuzi wake uliotangazwa mwaka 2017 ukataka waathirika walipwe dola milioni 2.5.

Tangu hapo hakuna mgodi wa kimataifa katika Katanga unaochukulia silaha kama jambo dogo. Tayari mwaka 2000 serikali za Marekani na Uingereza, makampuni ya mafuta na ya migodi, na mashirika ya haki walikuwa wameandika Kanuni za Hiari za Usalama na Haki za Binadamu. Kanuni hizo zinaitaka kampuni ijue ni nani analinda eneo lake, kwa nguvu kiasi gani, na kila tukio liandikwe. Mkuu wa usalama anayekuruhusu kupita "kwa sababu tunajuana" anaweka saini yake mahali ambapo hataweza kuifuta.

Kampuni inaweza kukufanya nini

Polisi akikuta kibali chako ni sawa, anaweza kukuachia. Kampuni inaweza kukufukuza siku hiyo hiyo, na zote mbili zikawa halali. Hapo ndipo wengi wanapopotea.

Code du travail ya tarehe 16 Oktoba 2002 inampa mwajiri haki ya kuvunja mkataba bila notisi kwa kosa zito, na kuhatarisha usalama wa kazi au wa wafanyakazi wenzako kwa uzembe kumo ndani ya makosa hayo. Kanuni za ndani za kampuni, ambazo ulitia saini siku ya kupewa badji, kwa kawaida zinataja silaha, pombe na dawa za kulevya kwenye mstari mmoja. Kama hukuzisoma, ziombe. Kusema hukujua hakutakusaidia wakati saini yako iko chini ya ukurasa.

Lakini nawe una haki zako. Mwajiri anayetaka kukufukuza kwa kosa zito lazima akuandikie ndani ya siku 15 za kazi tangu alipojua jambo lenyewe. Kabla ya hapo kwa kawaida utapewa barua ya kutaka maelezo, ile wote tunaiita demande d'explication. Usiijibu kwa hasira, wala usiijibu siku hiyo hiyo ukiwa umesimama koridoni. Nenda kwa delege wa sendika, andika yaliyotokea kwa mpangilio wa saa, ambatisha nakala ya kibali, na ukiri lile lililo kweli. Maelezo yanayosema "silaha ilikuwa halali, haikuwa na risasi, niliitaja mwenyewe kabla ya kukaguliwa" yana uzito. Maelezo yanayosema "kuna mtu aliiweka ndani ya gari langu" hayana, isipokuwa ni kweli na una shahidi. Mkishindwa kuelewana, mgogoro unapita kwanza kwa mkaguzi wa kazi kwa usuluhishi kabla ya kufika mahakamani.

Walioajiriwa na makampuni madogo yanayofanya kazi ndani ya mgodi wako pabaya zaidi. Bosi wako anaweza kukupenda na kukuelewa. Lakini mwenye mgodi akifunga badji yako, bosi hana mahali pa kukupeleka. Unakuwa mfanyakazi mwenye mkataba na asiye na lango la kuingilia.

Neno kwa wale wanaotazama video za Marekani. Ni kweli kwamba mwaka 2002, kwenye kiwanda cha karatasi cha Weyerhaeuser huko Valliant, Oklahoma, wafanyakazi kadhaa walifukuzwa kwa kukutwa na bunduki ndani ya magari yao wakati wa msimu wa uwindaji. Bunge la jimbo likajibu kwa sheria inayomzuia mwajiri kukataza bunduki iliyofungiwa ndani ya gari la mfanyakazi, na majimbo mengine mengi yakafuata. Hiyo ni sheria ya majimbo ya huko, ilipiganiwa huko na kutetewa mahakamani huko. Ukiitaja kwenye bariyeri ya Kinsevere, mlinzi atakusikiliza kwa heshima zote kisha ataita mkubwa wake.

Jumapili ya mwindaji

Shida haianzi na mtu anayekusudia kuingia na bunduki mgodini. Inaanza na mtu aliyeisahau. Jumapili alikuwa porini na ndugu zake, amechelewa kurudi, zamu yake ya usiku inaanza saa kumi na mbili jioni. Anahesabu: kurudi mjini kwanza, halafu Kinsevere, atachelewa. Anaamua kwenda moja kwa moja, kalibre 12 ikiwa imefungwa kwenye blanketi nyuma ya kiti. Akiwa kilomita mbili kutoka bariyeri, akili inamrudia.

Hapo ndipo anapoanza kutafuta ujanja, na ujanja wote unaopatikana pale ni mbaya kuliko kuchelewa.

Anaweza kumwachia mama anayeuza mikate kando ya njia, kwa kuwa wanafahamiana. Sasa kuna bunduki mikononi mwa mtu asiye na kibali, na mwenye kibali ndiye aliyeiweka hapo. Mama wa watu ameingizwa kwenye kesi kwa sababu ya ukarimu wake.

Anaweza kuificha kichakani na kuweka alama ya jiwe. Njia hizo zina watoto wanaochunga mbuzi, wanawake wanaotafuta makaa, na wachimbaji wa mkono wanaolijua kila jiwe.

Anaweza kumwomba polisi aliye bariyeri: "Mukubwa, nitunzie mpaka asubuhi." Huu ndio unaoonekana wa busara, na ndio mbaya kuliko yote. Polisi huyo hana daftari la kupokea silaha za raia. Zamu yake inaisha usiku wa manane. Anayempokea hajui chochote, au anajua sana. Asubuhi utaambiwa uandike ombi, na ombi litahitaji maelezo ambayo wewe na polisi yule hamtataka kuyatoa.

Njia iliyo sawa ni ya kuchosha: geuza gari. Piga simu kwa chef wako kabla zamu haijaanza, sema utachelewa kwa sababu za kifamilia au hutafika, na upokee adhabu ya kuchelewa. Saa mbili za mshahara si kitu ukizilinganisha na mkataba mzima. Na kabla ya kuwinda tena, weka sheria ya nyumbani: siku ya bunduki na siku ya zamu hazikutani. Ukiwa na zamu Jumapili jioni, uwindaji ni Jumamosi. Gari la kampuni lisibebe silaha kamwe, hata siku ya mapumziko, hata kwa mwendo wa dakika tano.

Ukiwa tayari umefika bariyeri

Ukaguzi wa mgodi una mpangilio wake. Gari linasimama kwenye mstari. Mlinzi mmoja anazunguka na kioo kilichofungwa kwenye fimbo ndefu, anatazama chini ya chasisi, mahali pa gurudumu la akiba. Mwingine anachukua badji na kukupa kifaa cha kupuliza, kuona kama umekunywa. Kisha anasema: "Papa, ufungue nyuma." Mpaka hapo bado una nafasi ya kusema kwanza. Mkono wake ukishagusa blanketi, nafasi hiyo imeisha, na kuanzia hapo wewe ni mtu aliyekutwa nayo.

Basi sema kabla. Zima injini, mikono iwe juu ya usukani, usiinuke, usinyooshe mkono kuelekea ilipo silaha ili "kumuonyesha". Polisi aliye pembeni haoni nia yako, anaona mkono unaokwenda nyuma ya kiti. Maneno yawe machache:

"Jambo yaya. Mbele ya kufungua gari, nakuambia: kuko bunduki ya kuwindia nyuma ya kiti, haina risasi, kibali iko mufukoni. Sitaki kuingia nayo. Naomba nigeuze, niirudishe nyumbani."

Usitaje jina la mkubwa unayemjua. Usicheke. Usianze hotuba ya haki za raia. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na hakuna mahali msemo huo una kazi kama hapo. Mlinzi huenda akaandika tukio kwenye daftari lake. Mwache aandike, na wewe ukumbuke saa na maneno aliyoandika. Daftari linalosema ulitangaza mwenyewe na ukageuza ndilo litakalokutetea wiki inayofuata. Wakiamua kuita polisi, toa kibali unapoambiwa, wala usiondoke kwa hasira. Polisi akishika silaha, omba PV, yaani taarifa yao ya maandishi, yenye namba ya silaha na jina la anayeishika. Bila karatasi hiyo, hutaijua tena njia iliyopita.

Mwenendo huo huo utumie kwenye vizuizi vya barabarani, ya Likasi au ya Kasumbalesa. Sema kwanza, mikono ionekane, karatasi baadaye.

Inapobaki nyumbani

Ushauri wa kuacha bunduki nyumbani hauna maana kama nyumbani yenyewe ni hatari. Bunduki iliyo juu ya kabati inajulikana na watoto wote wa nyumba, na wajomba, na kijana aliyekuja kupaka rangi. Nunua au tengenezesha sanduku la chuma lenye kufuli nzito, lifungwe kwa bolti kwenye ukuta au sakafu ya saruji. Mafundi wa kuchomelea vyuma Lubumbashi wanaliweza hilo vizuri. Mwambie fundi ni la nyaraka za familia. Toa risasi kabla ya kuweka silaha, angalia chemba kwa macho na kidole, na risasi zikae mahali pengine penye kufuli nyingine. Ufunguo usikae kwenye msumari nyuma ya mlango.

Fikiria pia siku ambazo nyumba inabaki tupu. Mmeondoka wote kwenda kwenye kilio Likasi, na mtaa mzima unajua. Wezi wa Lubumbashi hawatafuti televisheni tu. Silaha iliyoibwa itarudi mtaani ikiwa na namba iliyo kwenye kibali chako. Ikitokea, ripoti siku hiyo hiyo na uondoke kituoni na nakala ya PV. Anayesubiri wiki kwa aibu atakuja kuulizwa kwa nini silaha yake ilitumika Alhamisi na yeye akaripoti Jumatatu.

Chuoni ni hivyo hivyo, na zaidi

Vijana wengi wa Kinsevere wana ndugu wanaosoma Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na baadhi ya wafanyakazi wanasoma huko jioni. Katika chuo hicho, usiku wa kuamkia tarehe 12 Mei 1990, watu wenye silaha waliwaingilia wanafunzi kwenye mabweni. Idadi ya waliokufa inabishaniwa hadi leo. Ubelgiji ilikata ushirikiano wake na utawala wa Mobutu kwa sababu ya usiku huo. Mzazi aliyekuwa mwanafunzi wakati ule hahitaji kuelezwa kwa nini bunduki haiingii kampasi.

Wanaohitaji ushauri hapa ni polisi na wanajeshi wanaosoma. Silaha ya kazi si yako. Ni ya kikosi. Zamu ikiisha, irudishe kwenye ghala la silaha na daftari lisainiwe, ndipo uende darasani. Kuja na bastola chini ya shati "kwa sababu nitarudi kazini saa tatu" kunaweka silaha ya Leta katikati ya vijana mia mbili kwenye ukumbi mmoja, na siku ya matokeo ya mtihani hakuna mwalimu anayependa kumpa alama mwanafunzi wa aina hiyo. Ratiba yako ikikosa nafasi ya kupita ghalani, badilisha ratiba, au mweleze mkuu wako kwa maandishi ili zamu ipangwe upya.

Hofu ya barabara

Wengi wanaobeba silaha hawafikirii mgodi kabisa. Wanafikiria njia: giza la saa kumi alfajiri, gari lililoharibika, vijana wenye mapanga. Hofu hiyo haikuzaliwa jana. Tarehe 23 Machi 2013 wapiganaji wa Kata Katanga, wanaotaka Katanga ijitenge, waliingia hadi katikati ya Lubumbashi. Tarehe 14 Februari 2021 watu wenye silaha walishambulia kambi za jeshi za Kimbembe na Kibati, hapa hapa Lubumbashi. Kati ya siku hizo kubwa kuna wizi wa kila usiku usioandikwa popote.

Lakini jiulize bunduki ingefanya nini katika kila moja ya hali hizo. Kwenye jumba la Westgate, Nairobi, tarehe 21 Septemba 2013, raia wenye vibali na polisi wachache waliingia kabla ya kikosi chochote na wakatoa watu wengi nje. Huo ni ushujaa na hakuna anayeukana. Siku hiyo hiyo, jeshi lilipoingia, kamanda wa kikosi maalumu cha polisi aliuawa kwa risasi za wanajeshi, kwa sababu katika moshi na kelele kila mwenye silaha asiyejulikana alionekana adui. Huyo alikuwa mtaalamu aliyefundishwa. Wewe, katika shati la kazi na kofia ya mgodi, utajulikanaje?

Na njiani bunduki ya raia ni mali inayotafutwa. Wanaokusimamisha ni wengi kuliko wewe, wameshapanga mahali, na kitu cha kwanza watakachochukua ni hicho ulichokitegemea.

Basi itibu hofu yenyewe. Panda basi la wafanyakazi badala ya gari lako, hasa zamu za usiku. Kama basi linakushusha mbali na nyumba na unatembea gizani, hilo ni suala la usalama wa kazi. Lipelekeni kwa delege mkiwa kikundi, na mtaje mahali na saa. Mkitumia magari binafsi, tokeni pamoja, mawili au matatu, na mwachie mtu nyumbani saa mnayotegemea kufika. Mshahara usitembee nao kwa fedha taslimu. Uache benki au kwenye simu, na utoe kidogo kidogo. Mwenye shamba anayebeba bunduki kwa sababu ya wezi wa mahindi aajiri mlinzi wa usiku, afuge mbwa, na aelewane na majirani kuhusu filimbi. Mambo hayo yanafanya kazi hata ukiwa mgodini, siku tano kwa wiki, ilhali bunduki inakusubiri sandukuni.

Ukiamini wewe ni wa pekee

Kuna watu wachache ambao hali yao ni tofauti kweli: mtu aliyetishiwa kuuawa kwa jina, msafirishaji wa fedha, mlinzi rasmi wa kiongozi anayekuja kutembelea mgodi. Kwao njia ipo, nayo ni ya maandishi. Andika kwa mkuu wa usalama wa eneo siku kadhaa kabla, ueleze nani, silaha gani, namba gani, kwa nini na kwa saa ngapi, ukiambatisha nakala ya kibali. Uliza kama silaha inaweza kupokelewa nje ya uzio kwenye chumba chenye daftari na saini za pande mbili. Kama umetishiwa, fungua pia lalamiko polisi, kwa sababu kampuni itataka kuliona na siku moja hakimu atalitaka.

Kisha subiri jibu. "Sawa, njoo tu" ya kwenye simu si jibu, kwa kuwa aliyesema hivyo anaweza kuwa likizo siku utakayofika. Ukimya pia si ruhusa. Jibu ni karatasi au ujumbe wenye jina la aliyekubali, tarehe na masharti, na unakuwa nao mkononi unapofika kwenye mstari. Kama hauko mkononi, silaha inalala nyumbani na wewe unakwenda kazini.